Ian Dury na vibao alivyoviacha nje ya albamu

Anayetaka kumjua mwanamuziki wa Uingereza wa miaka ya 1970 kwa kawaida huambiwa aanzie kwenye albamu, na mikusanyiko ya vibao awaachie wasio na muda. Kwa Ian Dury ushauri huo unapotosha. Nyimbo nne ambazo watu huzitaja mara tu jina lake linapotajwa ni "Sex & Drugs & Rock & Roll" ya 1977, "What a Waste" na "Hit Me with Your Rhythm Stick" za 1978, na "Reasons to Be Cheerful, Part 3" ya 1979. Zote zilitoka kama singo, yaani santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, na hakuna hata moja iliyoingizwa kwenye albamu ya wakati wake. Ukinunua toleo la kwanza la New Boots and Panties!!, la Septemba 1977, kisha ukaongeza Do It Yourself ya Mei 1979, utapata nyimbo ishirini, nyingi kati yake nzuri mno, na vibao hivyo vinne hutavikuta.

Huo ulikuwa msimamo wake: singo ni kazi kamili peke yake, na albamu ni kazi nyingine. Kibiashara ulikuwa msimamo mgumu kuutetea. "Rhythm Stick" ilifika namba moja Uingereza mwishoni mwa Januari 1979, ikaishusha "Y.M.C.A." ya Village People. Miezi minne baadaye albamu mpya ikaingia madukani bila wimbo ambao nchi nzima ilikuwa ikiuimba. Do It Yourself ilifika namba mbili hata hivyo, ikisaidiwa na jina lake na pengine na majalada yake: msanifu Barney Bubbles aliyachapa kwa michoro ya karatasi za ukutani za kampuni ya Crown, zaidi ya mitindo ishirini tofauti, hata wakusanyaji wa santuri wanaisaka mitindo hiyo mpaka leo.

Ndiyo maana Jukebox Dury, mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya rekodi ya Stiff Records mwaka 1981 baada ya Dury kuiacha na kuhamia kampuni ya Polydor, una uzito ambao mikusanyiko ya aina hiyo huwa haina. Kwa msanii mwingine, mkusanyiko ni vipande vilivyochomolewa kutoka kwenye kazi kubwa zaidi. Kwa Dury, singo zenyewe ndizo kazi kubwa, na zilikuwa zimetawanyika kwenye santuri ndogo mpaka zilipowekwa pamoja. Nasema bila kusita kwamba mkusanyiko mzuri wa singo zake ni bora kuliko albamu yake yoyote, New Boots ikiwemo. Ila mkusanyiko wowote wa nyimbo za Stiff peke yake una pengo, na nitalifikia.

Kwanza mtu mwenyewe. Dury alizaliwa Harrow mwaka 1942. New Boots ilipotoka alikuwa na miaka 35, na wanapanki, wapenzi wa roki ya kasi na kelele, waliomzunguka London walikuwa na ishirini na kitu. Mwaka 1949, akiwa na miaka saba, aliugua polio. Mwenyewe aliamini aliipata kwenye bwawa la kuogelea la Southend-on-Sea. Alikaa hospitali muda mrefu, kisha akapelekwa Chailey, shule ya watoto wenye ulemavu huko Sussex. Mguu na mkono wake wa kushoto vilibaki dhaifu maisha yake yote. Baadaye alisomea uchoraji Walthamstow, ambako alifundishwa na Peter Blake, yule aliyeshiriki kubuni jalada la Sgt. Pepper la Beatles, kisha akaingia Royal College of Art, na baadaye yeye mwenyewe akafundisha chuo cha sanaa cha Canterbury. Bendi yake ya kwanza, Kilburn and the High Roads, ilipendwa na wachache na ikasambaratika bila mafanikio ya mauzo.

Mafunzo ya uchoraji yanasikika kwenye mashairi yake. Dury hasemi "mji", anataja kituo cha treni. Hasemi "kijana wa mtaani", anampa jina, mji wa Essex anakotoka na kazi anayofanya. Na anaimba kwa lafudhi yake ya London na Essex. Jambo hilo halikuwa dogo wakati huo, kwa sababu waimbaji wengi wa roki wa Uingereza walikuwa bado wakiiga matamshi ya Kimarekani, kana kwamba sauti za nyumbani hazistahili kipaza sauti.

Namna nyimbo zilivyotungwa inaeleza mengi. Maneno yalitangulia. Dury aliyapiga taipu, mara nyingi akamkabidhi Chaz Jankel karatasi, na Jankel, mpiga kinanda na gitaa aliyelelewa kwenye fanki na jazi, akayatafutia muziki. Mtunzi mwingine wa wakati ule angekuwa na gitaa mkononi, akatafuta maneno ya kujaza tuni. Kwa Dury mdundo unafuata silabi. Ndiyo sababu nyimbo zake haziendi mbio kama panki, ingawa zilisikilizwa na watu walewale: maneno mengi yenye vina vya karibu karibu yanahitaji nafasi, na fanki inatoa nafasi hiyo. Bendi ikipiga kwa kasi na kelele za 1977, nusu ya utani wa Dury ungezama.

Chombo chake kikuu ni orodha. "What a Waste", iliyofika namba tisa, ni orodha ya kazi ambazo msimulizi angeweza kuzifanya badala ya kuimba kwenye bendi: dereva wa lori kubwa, mshairi, mwalimu, mkata tiketi kwenye kituo cha Fulham Broadway, na nyingine. Orodha ni mtego kwa mtunzi. Ikipangwa ovyo, baada ya mistari minne msikilizaji anajua kinachokuja na masikio yanalala. Dury anaikwepa hatari hiyo kwa kubadili ukubwa wa vitu: kazi kubwa inafuatwa na ndogo, ya heshima na ya kuchosha, ya kimapinduzi na ya kukaa umefungiwa kwenye taasisi. Kina kinakupa uhakika wa sauti, maana inakunyima uhakika wa kinachofuata. Jambo la pili ni kwamba hatoi hukumu. Mkata tiketi hachekwi. Kazi zote zinapewa uzito uleule wa sauti.

Sasa "Hit Me with Your Rhythm Stick", ambayo inastahili kusikilizwa kipande kwa kipande. Ubeti wa kwanza unapita Sudan, Japani, Milan na Yucatan, majina yaliyochaguliwa kwa sababu kwa Kiingereza yote yanaishia kwa sauti moja. Kiitikio kinaingiza Kifaransa na Kijerumani, na "fantastique" inalazimishwa kukaa kina kimoja na "stick". Wimbo hauna hadithi. Una duara: dunia nzima inaitwa kwenye mdundo mmoja, kila jina likiwa na sauti kabla halijawa na maana.

Chini ya maneno hayo kuna besi ya Norman Watt-Roy, na bila hiyo wimbo usingefika popote. Watt-Roy, mzaliwa wa Bombay aliyekulia Uingereza, alikuwa amemsikiliza sana Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, na hapa anapiga noti kumi na sita kwa kila kipimo cha mapigo manne, yaani noti nne kwa kila pigo. Wapiga besi wengi wanaojaribu kuunakili wimbo huu hukosea mahali pamoja: wanapiga noti zote kumi na sita kwa nguvu sawa. Zikipigwa hivyo inakuwa cherehani. Watt-Roy anazikata baadhi fupi kabisa, nyingine zinabaki kama mguso wa uzi tu, na mkazo anauweka mahali ambapo ngoma za Charley Charles hazipo. Charles, mzaliwa wa Guyana, ndiye anayeacha uwazi huo: anapiga kidogo, tena kwa utulivu, ili besi ipate pa kukimbilia. Anayejifunza na aanze polepole, nusu ya kasi, azipange kwanza noti zinazosikika vizuri, ndipo aongeze zile za mguso. Akifanya kinyume chake mkono unachoka kabla ya kiitikio cha pili.

Kisha inakuja solo ya Davey Payne, anayepuliza saksafoni mbili kwa wakati mmoja, mtindo uliojulikana kwenye jazi kupitia Roland Kirk. Kwenye singo ya pop ya 1978 hicho kilikuwa kitendo cha ujasiri, na kinafanya kazi maalumu. Mpaka hapo wimbo ni wa adabu, beti zinasemwa karibu kwa sauti ya mazungumzo. Saksafoni ndizo zinazouvunja mlango, na baada yake Dury anaweza kupiga kelele mpaka mwisho bila kuonekana amezidisha. Jankel amesimulia kwamba walipomaliza kurekodi alimpigia simu mama yake kumwambia amerekodi wimbo wake wa kwanza wa namba moja. Singo hiyo iliuza nakala 979,000 wakati huo na imevuka milioni tangu hapo.

"Reasons to Be Cheerful, Part 3" ilizaliwa na ajali. Bendi ikiwa ziarani Italia, fundi wa taa alinaswa na umeme na kunusurika chupuchupu. Onyesho likaahirishwa, na Dury akaandika orodha ya sababu za kufurahi. Hapa orodha imefika kilele chake. Kuna wanamuziki, wachekeshaji, vyakula, pikipiki, sehemu za starehe za London, saksafoni ya soprano ya Coltrane. Bendi inapiga disko bila aibu, katika mwaka ambao mashabiki wengi wa roki waliichukia disko waziwazi, na Dury anayasema maneno badala ya kuyaimba.

Kwenye orodha hiyo yumo Bantu Stephen Biko, kwa jina lake kamili. Biko alikuwa amefariki mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini tarehe 12 Septemba 1977, chini ya miaka miwili kabla. Dury anamweka kwenye kina kimoja na Rico Rodriguez, mpiga tromboni wa Jamaika, na Chico wa wachekeshaji Marx. Wapo wanaoona hapo ni kutafuta kina tu. Mimi naona ni uamuzi. Nyimbo za kisiasa za wakati ule zilimfanya Biko kuwa maiti wa kuombolezwa. Dury anamhesabu miongoni mwa sababu za kufurahi kwamba dunia imewahi kuwa na watu kama hao, na anamweka katikati, anapoketi kila mmoja kwenye orodha. Kibao hicho kilifika namba tatu, maana yake jina la Biko lilipita redioni Uingereza mchana kutwa katika kiangazi cha 1979, mwaka mmoja kabla Peter Gabriel hajatoa wimbo wake mashuhuri juu yake.

"Sex & Drugs & Rock & Roll" ndio wimbo uliomponza zaidi. BBC waliukataa, mauzo yake yalikuwa madogo, lakini maneno ya jina lake yakawa msemo wa dunia nzima na watu wakauchukua kama wimbo wa kusifu ulevi. Ukiusikiliza beti kwa beti unakuta ni mawaidha ya upole: usikubali kupangiwa nguo, kazi na kichwa na watu wasiokutakia mema. Tuni yake kuu, inayopigwa na besi na gitaa kwa pamoja, ilitoka kwenye solo ya besi ya Charlie Haden katika "Ramblin'" ya mwanajazi Ornette Coleman, iliyorekodiwa 1959. Ziweke hizo mbili mfululizo na utaisikia mara moja. Haden mwenyewe alikuwa akigusia tuni ya kale ya vijijini Marekani, kwa hiyo hakuna wa kumdai mwenzake sana.

Upande B, yaani wimbo wa nyuma ya singo, nao usiupite. Nyuma ya "Rhythm Stick" kulikuwa na "There Ain't Half Been Some Clever Bastards", wenye ubeti mmoja wa mwandishi wa tamthilia Noël Coward, mmoja wa Van Gogh, mmoja wa Einstein. Ni wimbo wa mwalimu wa sanaa: unawasifu watu wenye akili kwa lugha ya baa, na sifa zenyewe ni za kweli. Mkusanyiko unaouacha huo haukufanyiwa kazi.

Kutoka 1980 mambo yanalegea. Jankel aliondoka, Wilko Johnson akaingia na gitaa lake kali, na "I Want to Be Straight" ikaishia namba 22 huku "Sueperman's Big Sister" ikikwama namba 51. Johnson ni mpiga gitaa hodari, tatizo lilikuwa kwingine: mtindo wake wa kukatakata unajaza nafasi ileile ambayo maneno ya Dury yalikuwa yakiitumia. Sikiliza mojawapo baada ya "What a Waste" na utasikia mwimbaji anavyolazimika kusukuma. Na tuseme wazi kwamba kwenye kazi yake nzima, hasa kwenye albamu, wanawake mara nyingi wapo ili mzaha ukamilike. Singo zimesalimika zaidi na dosari hiyo kuliko New Boots.

Pengo nililolitaja ni "Spasticus Autisticus". Umoja wa Mataifa ulitangaza 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na Dury aliona kampeni hiyo inamfanya mtu kama yeye kuwa wa kuhurumiwa. Akaandika wimbo wa mtu anayejitangaza. Alilichukua neno "spastic", ambalo watoto wa Uingereza walilitumia kumtukana mlemavu, neno ambalo wakati huohuo lilikuwa kwenye jina rasmi la shirika kubwa la hisani nchini humo mpaka lilipobadilishwa 1994, akaliunganisha na filamu ya Spartacus, pale watumwa wanaposimama mmoja mmoja kila mtu akidai jina la kiongozi wao. Mwishoni mwa wimbo sauti mbalimbali zinafanya vivyo hivyo. Ulirekodiwa studio za Compass Point, Nassau, Bahama, na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare wakipiga ngoma na besi, kwa hiyo mdundo ni mzito na wa polepole kuliko wa Blockheads, bendi yake. BBC waliubana, na Polydor wakauondoa sokoni.

Kwa kuwa ulitoka Polydor, haumo kwenye mikusanyiko ya Stiff, na mtu anaweza kuwa na Jukebox Dury miaka mingi bila kujua kwamba upo. Msikilizaji huyo anabaki na Dury mcheshi, mwenye vina. Wimbo huo ndio unaoonyesha ucheshi wenyewe ulitoka wapi: wodi za hospitali na mabweni ya Chailey, mahali ambapo ulimi ulikuwa ulinzi. Tarehe 29 Agosti 2012 ulipigwa kwenye ufunguzi wa michezo ya Paralimpiki jijini London na wasanii wa Graeae, kikundi cha maigizo cha watu wenye ulemavu, mbele ya uwanja uliojaa. Dury alikuwa amefariki kwa saratani Machi 2000, akiwa na miaka 57.

Anayetafuta mkusanyiko leo, iwe santuri, sidii au kwenye programu za muziki, aangalie mambo machache kabla ya kulipa. Zile singo nne ziwemo, na ziwe rekodi za studio: mikusanyiko ya bei rahisi hujaza nyimbo za jukwaani bila kusema wazi, na muda wa wimbo au neno dogo nyuma ya jalada ndilo linaloumbua. "Reasons to Be Cheerful" ipo katika urefu zaidi ya mmoja, kwa sababu toleo la santuri ya inchi 12 ni refu. Hilo refu ndilo zuri, maana bendi inapata muda wa kutulia kwenye mdundo. "Sex & Drugs" siku hizi unaikuta pia kwenye matoleo mapya ya New Boots, usiinunue mara mbili. Angalia kama "Spasticus" imo. Kama haimo, itafute kwenye Lord Upminster ya 1981, na mengine ya albamu hiyo unaweza kuyaacha.

Usiusikilize mkusanyiko huu kwa spika ya simu. Uzi mzito wa besi unatoa noti ya chini kabisa ya takriban hezi 41, na spika ya simu haifiki karibu na hapo. Utakachosikia ni maneno na kinanda, ukashangaa watu wanasifu nini. Vaa hata vipokea sauti vya bei ndogo vinavyoziba sikio vizuri, weka sauti ya wastani, na mara ya kwanza fuata besi tu, uyasahau maneno. Mara ya pili chukua maneno. Mpangilio wa nyimbo ukiwa umechanganywa, upange mwenyewe kwa mwaka, kuanzia "Sex & Drugs" hadi "Reasons", halafu "Spasticus", ndipo urudi kwenye pande B.

Atakayetaka kuendelea baada ya hapo aende New Boots kwa ajili ya "Sweet Gene Vincent" na "My Old Man", wimbo juu ya baba yake aliyekuwa dereva wa basi na baadaye wa magari ya matajiri. Kisha aruke miaka ishirini mpaka Mr. Love Pants ya 1998, ambako Jankel na Blockheads wamerudi. Charley Charles alikuwa amefariki 1990, na pengo lake kwenye ngoma linasikika, lakini Watt-Roy bado anakata noti zake fupi kama zamani na Dury, akiwa tayari mgonjwa, bado anapanga orodha.